Dizeli au Petroli? Historia ya Namba ya "Kilomita kwa Lita" Inayowaliza Wenye Magari

Usiku wa tarehe 29 Septemba 1913, abiria mmoja Mjerumani alikula chakula cha usiku ndani ya meli iliyokuwa inatoka Antwerp kwenda Harwich, Uingereza. Akaagana na wenzake, akaomba aamshwe saa kumi na mbili na robo asubuhi, akaelekea chumbani kwake. Asubuhi hayupo. Kitanda hakikulaliwa. Siku kama kumi baadaye mabaharia wa Kiholanzi wakaukuta mwili unaelea, wakatoa vitu vilivyokuwa mifukoni, na mwanawe akavitambua kuwa ni vya baba yake. Wapo waliosema madeni yalimzidi akajirusha. Wapo waliosema ni kazi ya majasusi, na wengine wakawanyooshea kidole matajiri wa mafuta. Zaidi ya miaka mia imepita na hakuna aliyethibitisha lolote.

Jina la ukoo la jamaa huyo linatamkwa kila siku kwenye kila sheli, kuanzia Kariakoo mpaka Kisumu. Limeandikwa kwenye pampu, pembeni ya ile ya petroli.

Kilichokuwa kinamkosesha usingizi huyu bwana ni uharibifu. Injini za mvuke za zama zake zilikuwa zinachoma makaa ya mawe mlima mzima, halafu sehemu kubwa ya joto, zaidi ya asilimia 90 kwenye injini nyingi, inapotelea hewani. Mwaka 1892 akaomba hataza ya injini yake. Majaribio ya mwanzo nusura yamuue, kwa sababu mtambo ulimlipukia mwaka uliofuata. Hakukoma. Februari 1897, kule Augsburg, profesa mmoja akaja na vifaa vyake, akaipima, akaandika: asilimia 26.2 ya nishati ya mafuta inageuka kuwa kazi. Kwa wakati ule hiyo ilikuwa habari ya kutikisa dunia.

Siri yake ilikuwa kwenye kubana. Injini ya petroli inachanganya mafuta na hewa, inabana kiasi, halafu plagi inatoa cheche. Ya dizeli inabana hewa peke yake mpaka inakuwa ya moto kiasi kwamba mafuta yakinyunyiziwa tu, yanawaka yenyewe, bila plagi. Kadiri unavyobana zaidi ndivyo unavyokamua kazi zaidi kutoka kwenye tone lilelile. Kuna na jambo la pili ambalo mafundi wengi wa mjini hawalisemi: dereva wa petroli akitembea taratibu, injini yake inahangaika kunyonya hewa kupitia mlango uliofungwa nusu, na kuhangaika huko kunakula mafuta. Dizeli ya kawaida haibaniwi hewa namna hiyo. Ndiyo maana hata kwenye foleni, ikiwa inanguruma pale pale, inanusa tu.

Na kuna la tatu, ambalo ni kama kamchezo kadogo ka mizani. Lita moja ya dizeli ni nzito kuliko lita ya petroli na imebeba nishati zaidi, kwa zaidi ya asilimia 10. Kwa hiyo mtu anaposema dizeli imempeleka mbali kwa lita moja, sehemu ya sifa hiyo si ya injini. Ni ya lita yenyewe.

Sasa shika jambo moja hapo juu, maana ndilo linaloendesha kisa chote kilichobaki. Ile asilimia 26.2 ilipatikana ndani ya chumba. Injini imefungwa sakafuni, profesa ana saa mkononi, hakuna mlima, hakuna matuta, hakuna trafiki anayepunga mkono. Namba za ulaji wa mafuta zilizaliwa chumbani tangu siku ya kwanza, na huko chumbani zilikaa muda mrefu sana.

Teksi ndio walioanza kuelewa

Kwa miaka mingi injini hii ilikuwa ya meli, viwanda na malori. Ilikuwa nzito mno kwa gari dogo. Mwaka 1936 Mercedes-Benz wakatoa 260 D, ambalo ndilo linahesabika kama gari la kwanza la abiria la dizeli kuundwa kwa wingi. Lilikuwa zito kuamka, lina kelele, lina nguvu farasi 45 tu. Matajiri hawakulishangilia. Lakini lilikuwa linakula kama lita 9 na nusu kwa kilomita 100, wakati mwenzake wa petroli wa ukubwa ule alikuwa anataka lita 13. Wenye teksi wakalidaka haraka. Mtu anayeishi kwa usukani hahitaji kuambiwa na tangazo gari lake linakula kiasi gani, maana jioni akigeuza mfuko anaona mwenyewe.

Watu wengine wote walikuja kuamka Oktoba 1973. Nchi za Kiarabu zinazouza mafuta zikafunga bomba kwa Marekani na marafiki zake kwa sababu ya vita na Israeli, na bei ya pipa ikapanda kutoka karibu dola 3 hadi karibu dola 12 ndani ya miezi michache. Ujerumani Magharibi ikapiga marufuku magari barabarani kwa Jumapili kadhaa, watu wakatembea kwa miguu katikati ya barabara kuu kama wako bustanini. Wimbi la pili la bei lilipokuja mwishoni mwa miaka hiyo ya 1970, Tanzania nayo ikaonja: wazee wa Dar wanakumbuka enzi ambazo magari binafsi hayakuruhusiwa kutembea Jumapili alasiri, na ukikutwa ni kesi.

Hapo ndipo neno "gari linakula kiasi gani" likawa siasa. Marekani ikatunga sheria mwaka 1975 kuwalazimisha watengenezaji wapunguze ulaji, na magari mapya yakawa yanabandikwa karatasi ya namba dirishani. Namba zenyewe zilitoka wapi? Chumbani. Gari linapandishwa juu ya magurudumu ya chuma, linazungushwa, moshi unakusanywa, hesabu inapigwa. Wanunuzi wakaenda nazo barabarani, wakarudi wanalalamika. Serikali ikakubali: kuanzia magari ya mwaka 1985, namba ya mjini ikakatwa asilimia 10 na ya barabara kuu asilimia 22, bila gari kubadilika hata msumari. Mwaka 2008 wakarekebisha tena, safari hii wakahesabu mwendo mkali, baridi na AC. Yaani ilichukua zaidi ya miaka 30 mtu kukumbuka kwamba watu huwasha AC.

Dizeli nayo ilipata nafasi yake Marekani wakati huo, ikaichezea vibaya. Kampuni moja kubwa ya huko ilikimbilia kutoa injini ya dizeli ya V8 mwaka 1978 ikiwa imerithi mambo mengi ya injini yake ya petroli, pamoja na mpangilio wa boliti za silinda hedi. Boliti hazikuhimili ule mbano. Kichujio cha kutenganisha maji na mafuta hakikuwekwa. Injini zikafa kama kuku wa kideri, wenye magari wakaenda mahakamani kwa makundi. Mwaka 1981 dizeli ilikuwa imefika karibu asilimia 6 ya magari mapya Marekani. Baada ya hapo ikaporomoka, na Mmarekani wa kawaida akaapa hatorudia. Mafuta alikuwa ameokoa kweli, halafu akayalipa yote gereji na nauli ya kuvutwa juu.

Ulaya ikaingia mzima mzima

Ulaya walikwenda njia nyingine. Serikali nyingi ziliweka kodi ndogo kwenye dizeli kuliko petroli, na baadaye zikaanza kutoza kodi ya gari kwa kiasi cha hewa ya ukaa. Dizeli inachoma lita chache, kwa hiyo kwenye karatasi ilionekana msafi. Teknolojia nayo ikapendeza: mwaka 1989 Audi wakatoa dizeli ya TDI yenye tabo, tulivu, inayokwenda. Ile aibu ya kelele ikapungua. Kufikia mwaka 2011 zaidi ya nusu ya magari mapya Ulaya Magharibi yalikuwa ya dizeli.

Watu hao wote walikuwa wananunua kwa namba ya mtihani mmoja ulioitwa NEDC. Mtihani wenyewe ulikuwa hivi: dakika 20 hivi, kilomita 11, mwendo wa wastani kama kilomita 34 kwa saa, kuongeza mwendo taratibu kama mtu aliyebeba mayai kwenye siti ya nyuma. AC imezimwa. Hali ya hewa nzuri. Sheria zikiwa na mianya, watengenezaji wakajifunza kuipita: matairi bora, gari jepesi kuliko yote katika aina yake, kila kitu kinachovuta umeme kimezimwa. Hiyo haikuwa kuvunja sheria. Ilikuwa sawa na mwanafunzi anayejua maswali yatakayotoka.

Watafiti wa taasisi moja ya usafiri walikusanya kumbukumbu za mafuta za madereva wa kawaida na magari ya makampuni, wakalinganisha na namba za vitabu. Mwaka 2001 tofauti ilikuwa chini ya asilimia 10. Mwaka 2015 ilikuwa imepita asilimia 40. Barabara hazikuwa zimeharibika kiasi hicho, wala madereva hawakuwa wamegeuka vichaa. Magari yalikuwa yamezidi kuwa hodari wa mtihani. Miongoni mwa walioumbuka ni wale wa injini ndogo za petroli zenye tabo, kwa sababu kwenye mtihani tabo haisumbuliwi, lakini ukikanyaga kupanda kilima na familia ndani, injini ya sisi 1,000 inakunywa kama kaka yake mkubwa.

Wanafunzi waliobeba mitambo kwenye buti

Mwaka 2013 kikundi kidogo cha watafiti kutoka chuo kikuu cha West Virginia kilipewa kazi ambayo haikuwa na mbwembwe. Wachukue magari matatu ya dizeli ya Kijerumani, wayapime moshi barabarani, ili Ulaya waonyeshwe kwamba Marekani dizeli ni safi. Wakafunga mitambo kwenye buti, jenereta ikining'inia nyuma ikipiga kelele, wakazurura California, na gari moja wakaliendesha mpaka Seattle na kurudi. Hawakuwa wanamtafuta mchawi.

Matokeo hayakuingia akilini. Magari mawili kati ya matatu yalikuwa yanatoa gesi za oksidi za naitrojeni kupita kiwango, moja likifika mara 35. Wakapima upya wakidhani vifaa vimeharibika. Vilikuwa vizima. Tarehe 18 Septemba 2015 serikali ya Marekani ikatangaza: Volkswagen waliweka programu ndani ya gari inayotambua kwamba liko mtihanini, kwa kuangalia usukani, mwendo na muda, na hapo ndipo linajisafisha. Likitoka nje, linarudia tabia yake. Magari milioni 11 duniani. Mwaka 2017 kampuni ikakiri kosa la jinai mahakamani.

Wengi wanakumbuka kashfa hiyo kama ya moshi tu, lakini mafuta yamo ndani yake. Kusafisha moshi wa dizeli kuna gharama: mfumo wa moja ya magari yale ulihitaji kuchoma mafuta ya ziada kila mara ili kujisafisha. Shirika moja la kutetea walaji huko Marekani lililazimisha gari hilo libaki kwenye hali yake ya mtihani huku likiwa barabarani, na matumizi ya barabara kuu yakashuka kutoka kama maili 50 kwa galoni hadi 46. Kwa maneno mengine, sehemu ya ule ubahili uliosifiwa ilikuwa inalipwa na mapafu ya watu wa pembeni ya barabara.

Petroli nayo haikuwa malaika. Mwaka 2012 makampuni mawili ya Korea Kusini yalikubali kwamba yalitia chumvi namba za ulaji kwenye magari karibu 900,000 Marekani, yakawalipa wenye magari tofauti ya mafuta. Aprili 2016 Mitsubishi wakakiri kuchezea vipimo vya vigari vidogo 625,000 Japani.

Na zile namba za yadi?

Japani ndiyo inayowahusu zaidi watu wa Dar na Nairobi, kwa sababu gari nyingi zinazoshuka bandarini zimetoka huko zikiwa zimeshatumika. Dalali anaposema "hii inakwenda kilomita 18 kwa lita", mara nyingi hajapima chochote. Amesoma namba ya Kijapani. Na kwa magari ya miaka ya 1990 na 2000, namba hiyo ilitoka kwenye mtihani ulioitwa 10-15, ulioanza mwaka 1991. Urefu wake ni kilomita 4.16, kama kutoka Mwenge kwenda Morocco. Muda ni dakika 11. Mwendo wa juu kabisa ni kilomita 70 kwa saa. Na injini inapashwa moto kwanza, ndipo saa ianze kuhesabu. Baadaye Japani wakaleta mtihani wa JC08, mkali kidogo, wenye sehemu ya injini kuwashwa ikiwa baridi, na gari lilelile likawa na namba ndogo zaidi. Kwa hiyo kabla ya kubishana vijiweni kwamba gari fulani linalizidi lingine, inabidi kuuliza kila moja lilifanya mtihani upi.

Halafu kuna huyu ambaye kila kijiwe kina wa kwake: kijana wa mjini aliyenunua dizeli ya kisasa kwa sababu aliambiwa haili. Hakudanganywa. Gari mbili za umbo moja, ya dizeli huwa inaokoa kama robo ya lita hivi, na hiyo imeonekana barabarani, si chumbani tu. Tatizo lake ni safari zake. Anatoka Sinza kwenda Posta, anazima, jioni anarudi. Dizeli ya kisasa ina kichujio cha masizi kwenye mfumo wa moshi, na kichujio hicho kinajisafisha kwa kuungua moto mkali. Safari fupi za foleni hazileti huo moto. Masizi yanajaa, gari linanyunyizia mafuta ya ziada kujaribu kuyachoma, taa inawaka kwenye dashibodi. Akija kwa fundi anaambiwa "tutoboe tu", na hapo amerudi kwenye kosa lilelile la Volkswagen, tofauti ni kwamba yeye kalipa kwa pesa yake.

Bei ya pampu nayo haitabiriki. Wazo la kwamba dizeli lazima iwe rahisi lilitoka kwenye kodi za nchi fulani, si kwenye mafuta yenyewe. Mei 2022, baada ya vita vya Ukraine kuanza, Dar es Salaam dizeli iliuzwa juu ya petroli, zote zikiwa zimepita shilingi 3,000 kwa lita. Nairobi, Septemba 2023, petroli ilifika shilingi 211.64 za Kenya na dizeli 200.99, tofauti ya kununulia peremende.

Chukulia basi bei ni sawa, shilingi 3,000, petroli inakwenda kilomita 10 kwa lita na dizeli 13. Kila kilomita 100, dizeli inaokoa karibu shilingi 7,000. Yule wa Sinza, kwa kilomita 9,000 kwa mwaka, anaokoa kama 620,000. Ikiwa gari la dizeli lilimzidi bei kwa milioni 5, atazirudisha baada ya miaka minane, noozi zisipokufa njiani. Mwenzake anayepiga Dar–Mbeya mara kwa mara, kilomita 60,000 kwa mwaka, anaokoa zaidi ya milioni 4 kwa mwaka. Huyo hana cha kujiuliza. Yule wa Sinza, kama foleni ndiyo maisha yake, angetazama haibridi ya petroli kwanza, ambayo inazima injini kila inaposimama.

Ulaya walibadilisha mtihani kuanzia Septemba 2017. Huu mpya unachukua dakika 30, kilomita 23, mwendo unafika 131 kwa saa. Na magari mapya ya kuanzia 2021 yana mita ndani inayorekodi mafuta yaliyochomwa kweli. Mwaka 2024 Tume ya Ulaya ikatoa hesabu ya magari kama 600,000: petroli zilikuwa zinakula asilimia 23.7 zaidi ya namba ya kitabu, dizeli asilimia 18.1. Na zile haibridi za kuchomeka kwenye umeme, ambazo zilikuwa zinaringa kuliko wote, zilitoa hewa ya ukaa mara tatu na nusu ya ilivyoandikwa, kwa sababu wenye nazo wengi walikuwa wavivu wa kuzichaji.

Madereva wa malori ya kwenda Tunduma hawakusubiri Tume ya Ulaya. Wanajaza tenki mpaka pampu ijizime, wanaandika kilomita, wanatembea, wanajaza tena mpaka ijizime, wanagawanya. Wanarudia safari tatu nne, ukiwa na mzigo na ukiwa mtupu, maana namba moja haitoshi. Kijana wa yadi akiulizwa "umewahi kupima hivyo?", mara nyingi anaanza kuzungumzia rangi ya gari.